Colosseum ni dakika tisini, siku iliyobaki ni ya miguu

Mara ya kwanza nilipokwenda Colosseum, ule uwanja wa kale wa michezo jijini Roma, niliikosa. Nilikuwa nimesimama mbele yake, tiketi ninayo, na bado niliikosa.

Kisa chenyewe ni cha aibu. Tiketi iliandikwa 09:00. Usiku wa kuamkia siku ile nilinakili mambo yote ya muhimu kwenye kijidaftari, nisije nikaishiwa chaji nikapotea Roma nzima. Nikaandika: "Colosseum, saa 9." Asubuhi nikafungua kijidaftari changu, nikasoma kama atakavyosoma mtu yeyote aliyelelewa na Kiswahili: saa tisa. Alasiri. Nikanywa kahawa taratibu, nikafua soksi, nikazurura. Saa tisa kasorobo nikajipanga kwenye foleni, zamu yangu ilipofika nikampa mlinzi simu. Akaitazama, akanitazama, akaitazama tena, kisha akaziwekea kidole zile tarakimu nne. Masikio yakapata moto. Nafasi za siku ile zilikuwa zimekwisha.

Kwa hiyo kabla ya yote: saa za safari ziandike kama zilivyo kwenye tiketi, tarakimu zote nne. 09:00 ibaki 09:00. Kichwa kitahesabu chenyewe baadaye kwamba ni saa tatu asubuhi.

Sikuwa na la kufanya mchana ule ila kulizunguka lile jengo kwa nje, kisha mitaa inayolizunguka. Mwaka uliofuata, mwezi wa Aprili, nilirudi na tiketi nyingine na nikaingia kwa saa yangu. Nikilinganisha siku hizo mbili, ile niliyofungiwa nje ndiyo iliyonifundisha namna ya kuipanga. Ndani ya Colosseum, hata ukiwa mtu wa kusoma kila kibao, saa moja na nusu inatosha. Watu wengi wanaipangia siku nzima, saa tano asubuhi wanatoka hawajui waelekee wapi, halafu wanakimbilia metro kwenda Vatican, wakitoka huko wanavuka mji tena kwenda chemchemi ya Trevi. Jioni miguu imekufa na walichokiona zaidi ni migongo ya watu ndani ya treni. Mimi nasema funga miadi moja tu ya tiketi, kisha chora duara la mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kuizunguka Colosseum, na siku hiyo usitoke nje ya duara.

Tiketi kwanza, maana huko ndiko watu wanakoumia. Inauzwa kwenye tovuti rasmi ya hifadhi, na nafasi hufunguliwa takriban mwezi mmoja kabla ya siku yenyewe. Nilipolipa mimi, ya kawaida ilikuwa euro 18, na ndani yake mna Colosseum, Forum ya Kirumi, yaani magofu ya kitovu cha mji wa kale, na kilima cha Palatino kilicho kando yake. Colosseum ina saa yake maalumu. Forum na Palatino unaingia mara moja, wakati unaoutaka, tiketi ikiwa bado hai. Jina liandikwe lile lile la kwenye pasipoti, maana mlangoni huombwa kitambulisho. Watoto chini ya miaka 18 hawalipi, lakini nao wanahitaji tiketi ya euro sifuri, na mara nyingi wazazi hulisahau hili. Kushuka kwenye vyumba vya chini ya uwanja ni tiketi nyingine, ghali zaidi na huisha upesi. Jumapili ya kwanza ya mwezi kuingia ni bure. Sikushauri, labda kama unapenda foleni kwa ajili ya foleni.

Begi kubwa usije nalo, wala chupa ya kioo. Hakuna pa kuliweka na hawatakusikiliza.

Nje ya kituo cha metro utakutana na watu wenye vitambulisho shingoni watakaokuambia tiketi zimekwisha, foleni ni saa tatu, lakini wao wana njia. Wengine ni mawakala halali wanaouza ziara kwa bei ya juu, wengine sijui niwaite nani. Ukiwa na tiketi yako, pita. Kuna pia wanaovaa kama askari wa Kirumi, wenye kofia za manyoya mekundu. Picha nao si bure, hata wakikuvuta kwa kicheko. Mimi aliyenipata alikuwa kijana mmoja aliyenisalimia kwa "Hakuna matata!" Nikasimama, nani asingesimama? Kufumba na kufumbua bangili ya nyuzi ilikuwa imefungwa mkononi mwangu, zawadi, kaka, zawadi. Zawadi iligharimu euro tano. Siku hizi natembea pale mikono ikiwa mfukoni.

Kabla hujaingia, lizunguke jengo upande wa kaskazini na uinue macho juu ya matao ya chini. Utaona namba za Kirumi zilizochongwa kwenye jiwe, kuanzia XXIII hadi LIV. Zile ni namba za milango. Colosseum ilikuwa na matao 80 ya kuingilia, 76 kati yake yakiwa na namba, na mtazamaji wa kale alishika kipande chenye namba ya mlango wake. Kaizari Vespasiano ndiye aliyeanza kujenga, mwanawe Tito akafungua mwaka 80 kwa michezo ya siku 100. Mimi niliyesoma vibaya tiketi yangu nilisimama chini ya LII nikajiuliza ni wangapi walioipeleka namba yao kwenye mlango siyo. Ukisogea karibu utaona pia kuta zina matundu mengi, kama zimepigwa risasi. Si risasi. Mawe yale yalishikwa kwa vyuma, na katika Zama za Kati watu wakavichokoa vyuma wakaenda kuvitumia kwingine. Upande wa kusini ukuta wa nje haupo kabisa; tetemeko la mwaka 1349 liliangusha sehemu kubwa, na mawe yake yakajengea makanisa na majumba ya mji. Haya yote unayaona bila kulipa hata senti.

Saa ya kuingia ninayoipenda ni ile ya mwanzo kabisa asubuhi. Si kwa sababu ya foleni tu. Ni kwa sababu ya Forum na Palatino, ambako kivuli ni cha kutafuta kwa tochi. Safari nyingine, mwezi wa Juni, nilimwona baba mmoja amekaa juu ya kipande cha nguzo ya miaka elfu mbili, kajifunika kichwa kwa ramani, mkewe anamsomea historia naye hasikii neno. Maliza magofu kabla ya saa sita mchana. Ukitoka Colosseum usiingie Forum kwa mlango ule ambao kila mtu anaukimbilia. Shika barabara ya Via di San Gregorio, kuna mlango wa Palatino mkono wa kulia, na foleni yake huwa fupi. Unaanzia juu kilimani, unatazama Forum yote ikiwa imelala chini yako, halafu unateremka ndani yake. Kuteremka ni rahisi kuliko kupanda, na ukishaiona kutoka juu hutapotea ukifika chini.

Huko chini usijaribu kukijua kila kijiwe. Mimi nina vituo viwili. Cha kwanza ni mabaki ya hekalu la Julius Caesar, mahali mwili wake ulipochomwa. Chini ya kipaa cha bati kuna kichuguu cha udongo, na watu hadi leo huweka maua juu yake. Cha pili ni tao la Septimius Severus, la mwaka 203. Huyu kaizari alizaliwa Leptis Magna, katika Libya ya leo. Mwafrika mwenzetu basi, ingawa sijui kama yeye angekubali undugu huo. Kwenye maandishi ya juu palikuwa na jina la mwanawe Geta. Nduguye Caracalla alipomuua akaamuru jina lifutwe, wakachonga maneno mengine mahali pake. Matundu ya herufi za zamani bado yanaonekana chini ya zile mpya.

Kiu ikikushika usinunue chupa nyingine. Roma ina mabomba ya chuma yasiyofungwa, yanaitwa nasoni, yaani pua kubwa, kwa sababu ya mdomo wake uliopinda. Yalianza kuwekwa mwaka 1874, na maji yake ni baridi na safi. Juu ya ule mdomo kuna kitundu: ziba chini kwa kidole, maji yanaruka juu kama chemchemi, unakunywa bila kuinama. Mtoto mdogo ndiye aliyenionyesha, baada ya kunitazama nikilowanisha shati.

Mchana kula, na kaa mbali kidogo na meza zinazoitazama Colosseum. Kahawa ya kusimama kaunta ni rahisi kuliko ya kuketi, hiyo ni kawaida ya Italia yote. Pumzika hasa. Makanisa mengi hufungwa mchana kwa saa mbili au tatu, kwa hiyo huna unachokosa.

Yakifunguliwa tena, nenda mawili tu. San Pietro in Vincoli, juu ya ngazi zilizo kando ya kituo cha metro, mna sanamu ya Musa iliyochongwa na Michelangelo kwa ajili ya kaburi la Papa Julius II. Musa ana pembe kichwani. Tafsiri ya Kilatini ya Biblia ilifanya uso wake uliong'aa kuwa uso wenye pembe, na wachongaji wakalifuata neno. Jingine ni San Clemente, dakika chache mashariki ya Colosseum. Kuingia juu ni bure, kushuka chini unalipa, nawe ulipe. Kanisa la karne ya 12 limekaa juu ya kanisa la karne ya 4, nalo limekaa juu ya nyumba za Warumi na pango la kumwabudia Mithra, mungu wa kale. Kadiri unavyoshuka ndivyo baridi inavyozidi, na chini kabisa unasikia maji yakipita gizani. Mabega na magoti yafunikwe. Kitenge kimoja ndani ya begi kinamaliza kesi.

Jioni ndiyo nimeitunza mwisho, maana hiki ndicho kipande ambacho vitabu vingi vya watalii vinakiruka. Shuka Via di San Gregorio hadi Piazza di Porta Capena, karibu na uwanja wa kale wa farasi, Circus Maximus. Utaona jengo kubwa jeupe la FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Lilianza kujengwa ili liwe wizara ya makoloni ya Italia barani Afrika. Mbele yake, kuanzia mwaka 1937, ulisimama mnara wa jiwe wa Aksum, mji wa kale wa Ethiopia, urefu wa kama mita 24, ulioporwa huko na majeshi ya Mussolini, dikteta wa Italia. Italia iliahidi kurudisha mali kama hizo katika mkataba wa mwaka 1947, lakini mnara ulirudi mwaka 2005, ukiwa vipande vitatu ndani ya ndege, na mwaka 2008 ukasimamishwa tena kwao. Pale Roma leo mnara haupo tena. Magari yanapita, watu wanasubiri basi.

Lakini simama hapo. Tarehe 10 Septemba 1960, giza likiwa limeshaingia, Abebe Bikila wa Ethiopia alifika mahali hapa akikimbia peku marathoni ya Olimpiki, bega kwa bega na Rhadi Ben Abdesselam wa Morocco. Mnara wa kwao ukiwa umesimama kwenye ardhi ya aliyeupora, hapo ndipo alipochomoka. Njia aliyoimalizia ni hii hii uliyoshuka sasa hivi: inyooke kurudi hadi Tao la Konstantino, mita mia kadhaa tu, Colosseum ikiwa nyuma ya tao. Aliingia kwa saa 2:15:16, akimwacha Rhadi kwa sekunde 25.

Itembee njia hiyo taa zinapowashwa. Pandisha taratibu, kilima cha Palatino mkono wa kushoto, misonobari ya Roma yenye vichwa kama miavuli, na Colosseum ikikua kidogo kidogo mbele yako. Watalii wa mchana wameshaondoka. Mimi nilipolikaribia tao nilitazama huku na huku, nikavua viatu. Mawe ya pale ni meusi, madogo, yana migongo, na yalikuwa bado na joto la jua. Nilipiga hatua kama thelathini hivi. Kwenye ya kumi nilikanyaga kifuniko cha chupa nikaruka kwa mguu mmoja, na bibi mmoja aliyekuwa akimtembeza mbwa akasimama kunitazama. Nikamwambia "Bikila." Akacheka, akaniwekea kidole gumba juu, akaendelea na mbwa wake. Nyayo zilikuwa nyeusi tii. Nikatafuta bomba la pua kubwa nikaziosha, nikavaa viatu miguu ikiwa bado mibichi.