Hesabu Siku Kabla Hujakata Tiketi

Ugonjwa ukishatanda nchini, msafiri huuliza kwanza kama ataambukizwa njiani. Lipo swali linalotangulia hilo: huenda tayari nimebeba nini, na ninampelekea nani? Kijana mwenye afya njema anayetoka Dar es Salaam kwenda Moshi anaweza kuugua UVIKO-19 akadhani ni mafua. Bibi yake mwenye miaka 78 na kisukari, anayemsubiri mlangoni, huenda asiinuke tena. Uamuzi wa safari upimwe kwa mwili wa bibi.

Anza na kalenda. Virusi vya mwaka 2020 vilikaa mwilini kwa wastani siku 5 hadi 6 kabla ya dalili, kwa wachache hadi siku 14. Omicron, aina ya virusi hivyo iliyokuja baadaye, ilifupisha muda huo kuwa siku 3 hivi. Ubaya ni kwamba mtu huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla hajasikia hata kuwashwa koo, na wengine hawapati dalili kabisa. Ndiyo maana kipimajoto cha stendi kiliwapitisha wengi: kilipima homa ambayo ilikuwa bado haijaja. Kwa hiyo rudi nyuma siku 14 uandike mahali ulipokuwa: harusi, ofisi isiyo na dirisha, mgonjwa uliyemuuguza. Nyumbani mwako kukiwa na mtu anayekohoa, usisafiri. Siku 7 za mwisho kaa mbali na mikusanyiko. Kama kazi yako hairuhusu, ahirisha safari au jipange kulala mbali na wazee ukifika.

Ebola na Marburg zina hesabu yake, siku 21. Aliyeambukizwa haambukizi wengine kabla ya dalili, lakini dalili zikimwanzia katikati ya safari, abiria wenzake wako hatarini. Marburg ilipozuka Kagera mwaka 2023 na tena 2025, sharti lilikuwa hilohilo: aliyemgusa mgonjwa au maiti anabaki alipo na anafuatiliwa na wahudumu wa afya mpaka siku zitimie, hata akijiona mzima.

Majibu ya kipimo yasikupe kiburi. Kipimo cha haraka cha UVIKO huona virusi vikishakuwa vingi puani. Aliyeambukizwa juzi kitamwambia yu salama. Pima, rudia baada ya masaa 48, na cha mwisho kiwe asubuhi ya safari. Jibu la wiki iliyopita ni karatasi tu.

Kwenye basi, hewa ndiyo inayoambukiza kuliko vyuma vya viti. Chagua basi la madirisha yanayofunguka, hata kama lile la kiyoyozi linavutia, kwa sababu viyoyozi vingi huzungusha hewa ileile. Kaa dirishani na ufungue. Aliye mbele yako akifungua pia, hewa itapita. Barakoa ya kitabibu ina waya juu: ubane ufuate mfupa wa pua, kisha pumua kwa nguvu. Ukisikia upepo machoni, au miwani ikipata ukungu, inavuja. Funga fundo kwenye kamba za masikio karibu na kona zake, ukunje kitambaa kinachobaki pembeni. Safari ya masaa 10 inahitaji barakoa nne, kwa kuwa ikilowa hupitisha hewa pembeni. Barakoa chini ya pua ni sawa na kutovaa. Kosa kubwa huja kwenye kituo cha chakula: watu waliojifunika tangu alfajiri huzivua wote pamoja ndani ya mgahawa mmoja uliojaa. Beba chakula chako, ule nje, hatua chache kutoka kwa wenzako.

Msiba ndio mgumu kuliko yote, na hakuna anayepaswa kudharau uchungu wake. Kutokwenda kumzika mzazi ni jeraha. Ila kama umehesabu siku ukaona hujatimiza, tuma rambirambi kwa simu, zungumza na wafiwa mmoja mmoja, uende kwenye arobaini. Mwambie mkubwa wa familia sababu mapema, kwa sauti yako mwenyewe, asije akasikia kwa watu kwamba umesusa.

Ukifika, shikamoo itolewe kwa mbali, uani. Lala chumba chako peke yako chenye dirisha wazi, ule nje na wenyeji kwa siku 5, halafu upime tena kabla ya kuketi sebuleni na wazee.

Kabla ya kuondoka, piga simu ujue hospitali yenye oksijeni iko umbali gani na kijiji. Mtungi mkubwa huwa na lita 6,800 hivi. Mgonjwa anayetumia lita 10 kwa dakika huumaliza kwa masaa 11 na ushei. Hospitali ya wilaya yenye mitungi michache ikipata wagonjwa wawili wa namna hiyo usiku mmoja, imeelemewa. Beba kifaa kidogo cha kidoleni cha kupimia oksijeni. Mzee ambaye kwa kawaida husoma asilimia 96 akishuka chini ya 94, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama anaongea na kucheka, maana UVIKO hushusha oksijeni kabla mtu hajahema kwa shida. Kipime kidole chenye joto, kisicho na rangi ya kucha wala hina, kitulie dakika moja ndipo usome.

Tiketi usiitupe. Andika nyuma yake namba ya gari na ya kiti, uitunze siku 14. Ukianza kuumwa katika siku mbili tatu baada ya kushuka, piga simu ofisi ya basi uwatajie kiti chako na tarehe, ili waliokuzunguka wapate habari wangali hawajaingia kwa wazee wao.