Anza na Nyuma ya Jalada: Namna ya Kuifahamu Roki ya Gereji na Popu ya Lofai kupitia Santuri

Kila ninapoulizwa mtu aanzie wapi kusikiliza roki ya gereji na popu ya lofai (ile inayorekodiwa kwa vifaa duni, mara nyingi nyumbani) kwenye santuri, anayeuliza huwa anatarajia orodha ya albamu bora. Orodha hizo zipo tele na sina ugomvi nazo, lakini siamini kwamba ndizo zinazomwingiza mtu ndani ya muziki huu. Huu ni muziki uliotengenezwa na watu wachache wachache waliojuana, wakarekodiana, wakatoleana santuri kwa fedha zao wenyewe na mara nyingi wakaazimana hata wapiga ngoma. Anayeshika jina la albamu moja amepata albamu moja. Anayeshika jina la lebo, yaani kampuni iliyoitoa, pamoja na la aliyekaa nyuma ya mashine ya kurekodi, amepata ufunguo wa nyumba nzima. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza, ambao nimeufuata kwa miaka mingi na haujaniangusha, ni huu: ukiipenda santuri, geuza jalada lake, soma yaliyoandikwa nyuma hadi mstari wa mwisho, kisha uyafuate majina hayo.

Chukua mfano wa The Sonics wa Tacoma, katika jimbo la Washington nchini Marekani. Katikati ya miaka ya 1960 vijana wa nchi hiyo waliunda bendi kwa maelfu, wengine wakifanyia mazoezi kwenye gereji za wazazi wao, wakatoa singo (santuri ndogo ya wimbo mmoja kila upande) moja au mbili kwenye lebo ndogo ya karibu, kisha wakatawanyika. The Sonics walidumu kidogo zaidi. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1965 kupitia Etiquette, lebo iliyoanzishwa na wanamuziki wa The Wailers, bendi nyingine ya mji huohuo. Mkanda wa kurekodia ulikuwa wa njia mbili tu, yaani uliweza kubeba sauti mbili tu zilizotenganishwa, ngoma zote zilinaswa na maikrofoni moja, na mwimbaji Gerry Roslie anapiga ukelele ambao vifaa vile havikuweza kuubeba bila sauti kupasuka. Anayesoma jina la Etiquette na kulifuatilia anafika kwa The Wailers bila kuelekezwa na mtu.

Hata hivyo, santuri za awali za bendi hizo zinauzwa ghali, na mgeni hana haja ya kuzikimbilia. Aanze na mikusanyiko. Mwaka 1972 Lenny Kaye, ambaye baadaye alikuja kuwa mpiga gitaa wa mwimbaji Patti Smith, aliiandalia kampuni ya Elektra mkusanyiko wa nyimbo 27 kwenye santuri mbili, ulioitwa Nuggets. Nyimbo zake kadhaa zilipata kuvuma redioni, kwa hiyo zinashika haraka. Baada ya hapo nenda kwenye Back from the Grave, mfululizo ulioanza mwaka 1983 kwenye Crypt, lebo ya Tim Warren, ambao ulizama chini zaidi na kuibua singo ambazo karibu hakuna aliyezijua, zenye fujo na hasira ya kweli. Binafsi naupenda zaidi huu wa pili, na sababu mojawapo ni maelezo marefu ya kila bendi yanayoambatana na santuri, ambayo yanafaa kusomwa huku wimbo unaohusika ukicheza.

Crypt haikuishia kwenye mambo ya kale, na hapa ndipo faida ya kufuata lebo inapoonekana waziwazi. Mwaka 1995 ilitoa Soul Food ya Oblivians, bendi ya watu watatu kutoka Memphis, Tennessee. Mmoja wao, Eric Friedl, alikuwa tayari na lebo yake, Goner, aliyoianzisha mwaka 1993 kwa santuri ya Guitar Wolf, bendi ya Kijapani inayopiga roki kwa kelele za kutisha. Mwaka 1998 Goner ikatoa Teenage Hate ya The Reatards, bendi iliyoongozwa na kijana wa Memphis aliyejiita Jay Reatard, naye mwaka 2006 akatoa Blood Visions kwenye In the Red, lebo ambayo Larry Hardy aliianzisha huko California mwaka 1991. Ukishafika In the Red utawakuta Thee Oh Sees na Ty Segall, na hapo umeshaingia katika kizazi kinachoendelea kupiga muziki huu hadi leo. Njia nzima kutoka miaka ya 1960 imeandikwa kwenye majalada.

Jina la studio nalo hufanya kazi hiyohiyo. Wengi wameifahamu roki ya aina hii kupitia Elephant, albamu ya The White Stripes ya mwaka 2003, lakini wachache wanajali kwamba sehemu yake kubwa ilirekodiwa Toe Rag, studio ya Liam Watson jijini London, kwa mashine ya njia nane. Mwimbaji mgeni kwenye wimbo wake wa mwisho ni Holly Golightly, aliyetokea kwenye kundi la Thee Headcoatees, na kundi hilo linakupeleka moja kwa moja kwa Billy Childish, mwanamuziki wa Chatham, Uingereza, ambaye amerekodi santuri nyingi mno kwa imani kwamba wimbo mzuri hauhitaji fedha nyingi. Nakubaliana naye kabisa.

Popu ya lofai inahitaji maelezo kidogo ya kiufundi, kwa sababu asiyejua ilivyorekodiwa hudhani kwamba anasikia uzembe. Mwaka 1979 kampuni ya TEAC, kwa jina lake la TASCAM, ilitoa Portastudio 144, mashine iliyorekodi njia nne kwenye kaseti ya kawaida. Kaseti huwa na njia mbili kwa kila upande. Mashine hii ilizitumia zote nne kwa mkupuo mmoja na kuuzungusha mkanda kwa kasi maradufu ili sauti iwe safi zaidi. Njia nne ni chache. Zikijaa, mwanamuziki huchanganya tatu na kuzihamishia kwenye ya nne, kisha hurekodi vitu vipya juu ya zile tatu. Kila uhamisho hupunguza milio ya juu, hasa ya matoazi, na huongeza mvumo wa mkanda. Na ngoma zikishachanganywa na gitaa hakuna tena namna ya kuzitenganisha, kwa hiyo uamuzi uliofanywa usiku ule ndio unaousikia mpaka leo. Ukiweka sikio karibu na rekodi ya namna hiyo utagundua kwamba ngoma na gitaa la kwanza zimefifia pamoja kwa nyuma, ilhali sauti ya mwimbaji, iliyoongezwa mwishoni, imesimama mbele ikiwa kavu na safi, kana kwamba anaimba ndani ya chumba chako na wenzake wamebaki chumba cha pili. Mimi nikishasikia mpangilio huo wa karibu na mbali huwa najua kwamba niko nyumbani kwa mtu, na ndicho ninachokitafuta.

Mfano mzuri ni Bee Thousand ya Guided by Voices, iliyotoka mwaka 1994 kwenye lebo ya Scat. Robert Pollard alikuwa mwalimu wa shule mjini Dayton, Ohio, na ndani ya santuri hiyo moja kuna nyimbo 20 kwa muda usiofika dakika 40, nyingi zikikatika pale ambapo mwingine angeanza kurudia kiitikio.

Kwa New Zealand nina upendeleo ambao siufichi. Roger Shepherd alianzisha lebo ya Flying Nun mjini Christchurch mwaka 1981, na mwaka huohuo ikatoa singo ya Tally Ho! na EP (santuri ya nyimbo chache) ya Boodle Boodle Boodle, zote za The Clean, bendi ya Dunedin. EP hiyo ilirekodiwa kwenye mashine ya njia nne ya Chris Knox, na zote mbili ziliingia kwenye chati za nchi hiyo, jambo lililowathibitishia vijana wengi kwamba hawakuhitaji studio kubwa. Kama ungenilazimisha nikuchagulie mahali pamoja pa kuanzia lofai, ningekuambia uanze na The Clean. Kinanda kile cha Tally Ho! ni cha sauti nyembamba, lakini wimbo mzima umesimama juu yake bila kuyumba. Baada yao sikiliza Tall Dwarfs, kundi la Knox mwenyewe na Alec Bathgate, lililojitengenezea midundo kwa vipande vya mkanda vinavyojirudia badala ya mpiga ngoma.

Huko Olympia, Washington, Calvin Johnson alianzisha lebo ya K mwaka 1982, kwanza kwa kaseti, kisha kwa singo, na bendi yake ya Beat Happening ndiyo mlango wa lebo hiyo. Nchini Uingereza, Clare Wadd na Matt Haynes waliendesha lebo ya Sarah kutoka Bristol kuanzia mwaka 1987 hadi 1995, wakipenda zaidi singo za inchi 7, na walipofikisha toleo namba 100 waliifunga lebo kwa hiari yao. The Field Mice, mojawapo ya bendi zake, wanatosha kukuonyesha ladha yake, ambayo ni laini kuliko ya wengine wote niliowataja.

Je, kuna haja gani ya kuusikiliza muziki huu kwenye santuri wakati kila kitu kipo kwenye intaneti? Kwa sehemu kubwa ya muziki huu, santuri ndicho chombo uliokusudiwa. Singo ya inchi 7 inayozunguka mara 45 kwa dakika hubeba kwa sauti kubwa wimbo wa dakika mbili au tatu, nao ndio urefu wa wimbo wa gereji. Upande wa albamu ya inchi 12 hubeba takriban dakika 20, na bendi hupanga wimbo wa kufungua na wa kufunga kila upande. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalioni: sehemu laini iliyo kati ya wimbo wa mwisho na karatasi ya katikati huwa na namba na maandishi yaliyochorwa kwa mkono au kwa mashine. Inamisha santuri chini ya taa hadi maandishi yang'ae. Namba hizo hukuambia ni toleo lipi ulilonalo, na wakati mwingine utakuta pia ujumbe mfupi wa bendi au wa fundi aliyeichonga.

Mgeni hupata shida kutofautisha ukwaruzaji uliokusudiwa na ubovu wa santuri au wa mashine, na hapa naomba uwe makini sana. Sauti iliyopasuka kwenye rekodi yenyewe hupasuka palepale kila mara, hufuata nguvu ya mpigaji, na ukisikiliza wimbo huohuo kwenye intaneti utaisikia vilevile. Mkwaruzo wa santuri, kwa upande wake, hugonga kwa mpangilio wa mzunguko: kwenye albamu inayozunguka mara 33⅓ kwa dakika, mlio uleule wa kugonga hurudi kila baada ya sekunde 1.8, bila kujali mdundo wa wimbo. Iwapo sauti inaharibika tu kadiri sindano inavyokaribia katikati, hasa kwenye herufi ya "s", sababu yake ni umbo la santuri. Ukingoni mfereji hupita chini ya sindano kwa kasi ya karibu sentimita 50 kwa sekunde, lakini karibu na karatasi ya katikati kasi hiyo hushuka chini ya nusu, na mitikisiko ileile inabanwa mahali padogo. Sindano iliyochakaa au iliyofungwa vibaya huzidisha tatizo hilo. Kwa hiyo kabla ya kuilaumu bendi au muuzaji, kagua sindano.

Kuhusu mashine nitasema machache. Huhitaji kifaa cha kifahari, bali kinachokuruhusu kurekebisha uzito wa sindano na kubadilisha sindano yenyewe. Sindano nyingi za kawaida hufanya kazi vizuri kwa uzito wa gramu 1.5 hadi 2, ilhali mashine za bei ya chini kabisa zinazofanana na begi mara nyingi hukandamiza kwa gramu 5 au zaidi, na hizo sizipendekezi kwa mtu anayetaka santuri zake zidumu.

Katika kununua, usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Discogs, tovuti ya santuri iliyoanza mwaka 2000, huorodhesha matoleo pamoja na zile namba za karibu na katikati, kwa hiyo mwombe muuzaji picha ya namba hizo na ulinganishe. Santuri iliyopewa daraja la NM (Near Mint) inapaswa kuwa karibu na mpya. Ya VG+ (Very Good Plus) inaruhusiwa michubuko midogo isiyoharibu usikivu, na kwa roki ya gereji daraja hilo linatosha kabisa. Usilipe zaidi kwa sababu tu jalada linajisifu kwamba santuri ina uzito wa gramu 180. Uzito hauongezi chochote kwenye wimbo uliorekodiwa kwa kaseti. Cha muhimu ni kama walioutoa upya walipata mkanda wa awali, na lebo makini huliandika jambo hilo nyuma ya jalada.

Bendi zilizo hai zinahitaji mwendo tofauti. Lebo ndogo mara nyingi huchapisha nakala 300 au 500 tu, nazo huisha upesi, kwa hiyo chagua lebo mbili tatu unazoziamini, jiandikishe kupokea taarifa zao, na ununue kwao moja kwa moja au kupitia Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki, ambako mara nyingi unaweza kusikiliza albamu nzima kabla ya kulipa. Ikiwa nakala zimekwisha na wauzaji wa mitumba wameshapandisha bei, ngoja. Captured Tracks ya Brooklyn ilishirikiana na Flying Nun kutoa upya santuri kadhaa ambazo kwa miaka mingi zilipatikana kwa wakusanyaji peke yao, na hata Back from the Grave inaendelea kurudi madukani. Wakati unangoja, nunua singo ya bendi usiyoijua kutoka kwenye lebo hiyohiyo, uigeuze, na usome ni nani aliyeirekodi.