Maswali ya Wasomaji: Stantimani Anapokaa Kiti cha Dairekta

Toleo lililopita tuligusia stantimani, yaani watu wanaoruka, kuanguka na kuungua badala ya waigizaji wenye majina. Barua zilizofuata nyingi zinauliza jambo moja: mtu wa kazi hiyo huishia wapi magoti yakichoka? Tumechagua tano.

Shikamooni wahariri. Nasikia kuna stantimani waliogeuka madairekta wa tamthilia za runinga huko Marekani na Kanada. Ni kweli, au ni maneno ya kijiweni? Na walipitia wapi? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Ni kweli, tena si mmoja wala wawili. Kwa upande wa runinga, mfano mzuri ni James Bamford, ambaye kwenye seti wanamwita Bam Bam. Alifanya stanti za tamthilia ya Stargate Atlantis kule Vancouver, Kanada, kisha akaingia Arrow, tamthilia ya kijana wa kitajiri anayewinda wahalifu kwa upinde, iliyoanza mwaka 2012. Huko kazi yake ilikuwa kupanga mapigano. Msimu wa nne, mwaka 2015, akakabidhiwa sehemu nzima aiongoze, ile ya saba. Hawakumnyang'anya tena kiti. Sehemu ya ghasia za gerezani katika msimu wa saba iliongozwa na yeye, na sehemu ya kufungia tamthilia, iliyorushwa Januari 28, 2020, ni yake pia.

Ngazi yenyewe iko hivi: stantimani, mpangaji wa mapigano, mratibu wa stanti, dairekta wa timu ya pili, ndipo dairekta wa sehemu. Timu ya pili ni ile inayoshuti magari, maporomoko na watu wanaokimbia, wakati timu kuu iko kwingine na waigizaji wakubwa. Mratibu wa stanti ndiye mara nyingi hupewa kuiongoza, kwa sababu yeye ndiye anayejua gari litasimama wapi. Hapo ndipo watayarishaji humpima: je, amerudi na picha zinazounganika na zile za timu kuu, na amerudi kabla ya jua kuzama?

Wengi humtaja Hal Needham, stantimani wa Hollywood, kama mtu aliyeruka ngazi zote, kwa kuwa filamu yake ya kwanza, Smokey and the Bandit ya 1977, ilipata fedha nyingi mno. Hakuruka. Alikuwa ameshaongoza timu za pili, na nyota wa filamu, Burt Reynolds, alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana; Needham ndiye aliyekuwa akianguka badala yake, na aliishi kwake kwa miaka. Kama huna Reynolds wako, panda ngazi.

Mtu aliyezoea kupigwa ngumi za uongo anajua nini kuhusu kuongoza picha? (Msomaji, Morogoro)

Anajua kamera kuliko unavyodhani. Chukua hiyo hiyo ngumi. Mpigaji na mpigwaji wanasimama mbali kiasi kwamba mkono ukinyooka wote, bado unabaki mwanya wa shubiri moja hivi na uso. Kamera haiwekwi ubavuni. Ikikaa ubavuni, mwanya unaonekana na mtazamaji anacheka. Inawekwa nyuma ya bega la mmoja wao, ili ngumi ipite juu ya uso kwenye mstari wa macho ya kamera. Lenzi ndefu, ya milimita 85 au zaidi, inasogeza vitu pamoja, mwanya unamezwa. Lenzi pana ya milimita 24 hufanya kinyume: inautanua mwanya hata ambao haukuwa mkubwa.

Halafu kuna kichwa cha mpigwaji. Kinatakiwa kugeuka ngumi inapopita, si kabla. Kosa la kila siku ni kugeuka mapema kwa hofu, na hakuna mhariri atakayeliponya hilo isipokuwa kwa kukata picha. Sauti ya "paa!" huwekwa baadaye.

Wengine hushuti kwa fremu (picha moja moja) 22 kwa sekunde badala ya 24, ili pambano lionekane jepesi zaidi, kama asilimia tisa. Ukishuka sana, watu wanaanza kutembea kama wanasesere, na moshi au mvua iliyo nyuma inakusaliti kwanza.

Kubwa kuliko yote, mpangaji wa mapigano haji kwenye seti na maneno matupu. Siku kadhaa kabla, analifanya pambano zima kwenye ukumbi wa mazoezi, maboksi yakiwa meza na mikeka ikiwa kuta, analirekodi kwa simu au kamera ndogo, analihariri, anatia sauti, anampelekea dairekta. Mtu aliyefanya hivyo mara mia tayari ameongoza. Kilichokosekana ni jina lake mwanzoni mwa tamthilia.

Basi wanaoshindwa, hushindwa wapi? (Msomaji, Nakuru)

Kwenye saa, na kwenye maneno.

Tamthilia ya saa moja, ambayo ukitoa matangazo ni dakika 42 hivi, kwa kawaida hupewa siku saba au nane za maandalizi na nane za kushuti, kila siku ikiwa na saa kumi na mbili za kazi. Skripti ya kurasa 50 ina maana zaidi ya kurasa sita kwa siku. Ukurasa hugawanywa mara nane ili kupanga ratiba, na hapo ndipo pana mtego: mstari "Wanapigana hadi mlangoni" ni moja ya nane ya ukurasa, lakini unaweza kula nusu siku. Stantimani anaujua mtego huo kuliko mtu yeyote. Ajabu ni kwamba akiwa dairekta huingia mtego wa upande wa pili: analitengea pambano asubuhi nzima, halafu mke na mume wanaoachana jikoni wanabakiziwa dakika 40 mwisho wa siku, kila mtu kachoka.

Na hapo jikoni anawaambia nini? Mazoea yake ni kutoa maelekezo ya mwili: mguu wa kushoto, geuka, hesabu mbili, anguka. Mwigizaji hataki hesabu. Anataka kujua kwa nini anafungua friji wakati mkewe analia. Tiba inayofahamika ni kumfuata dairekta mzoefu kama kivuli, kuanzia kikao cha kwanza hadi chumba cha uhariri, bila kufungua mdomo, na kujifunza uigizaji kwa kukaa upande wa mwigizaji mwenyewe.

Usisahau kwamba kwenye runinga dairekta ni mgeni. Mkataba wa chama cha madairekta cha Marekani, DGA, humpa siku nne kuhariri toleo lake la sehemu ya saa moja. Baada ya hapo watayarishaji wanaweza kulikata watakavyo.

Sisi ni kikundi cha karate, tunashuti kwa simu. Tunaangukia magodoro, na kijana wetu ameumia kiwiko. Tumesikia habari za maboksi. (Msomaji, Mwanza)

Pole kwa kijana. Godoro moja juu ya sakafu linamrudisha mtu juu, na ukiweka mawili kando kwa kando mtu hutumbukia katikati yake. Maboksi ya kadibodi yalitumika Hollywood kabla ya mifuko ya hewa kuenea, na bado yanatumika. Yawe matupu, makavu, ya ukubwa unaolingana. Yafunge vifuniko bila gundi ya karatasi: hewa lazima itoroke boksi linapobonyea, na hilo ndilo linalompunguza mtu mwendo. Ukiyagundisha, unaangukia matofali. Yapange bega kwa bega, tabaka juu ya tabaka, maungio ya tabaka moja yasikae juu ya maungio ya jingine. Zungusha kamba yasisambae. Juu tandika mikeka na turubai. Boksi lililobonyea litolewe kabla ya zamu inayofuata, na lililonyeshewa lisitumike kabisa. Mtu anatua kwa mgongo mzima, kidevu kifuani, mikono haitangulii. Kiwiko cha kijana wenu kimeeleza hilo vizuri. Anzeni kimo cha kiuno, na kama hakuna aliyefunzwa kuanguka, msipande zaidi ya hapo.

Je, stantimani hupewa tuzo? (Msomaji, Bujumbura)

Emmy, tuzo za runinga za Marekani, huwapa waratibu wa stanti tangu 2002. Oscar, tuzo za filamu, ilitangaza mwaka 2025 kwamba itaanza kutuza ubunifu wa stanti kwa filamu zitakazotoka mwaka 2027. Needham alipewa Oscar ya heshima mwaka 2012, akiwa na umri wa miaka 81 na mgongo uliokwisha kuvunjika mara mbili.