Watu wa Kuitwa Usiku

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku Moshi hatujambo, na kahawa ya nyuma ya nyumba imeanza kuiva. Barua yako imefika, nami nimeisoma peke yangu jikoni kabla ya kumwonyesha mtu yeyote. Umeniuliza kama mimi na baba yako tutaumia iwapo wewe na mwenzako mtafunga ndoa huko huko Colorado mwezi wa tisa, wawili tu, jua likichomoza milimani, bila kamati, bila sherehe ya kuagwa, bila ukumbi wala mshereheshaji. Umenieleza pia kwamba sheria ya jimbo hilo inawaruhusu wanaooana kujifungisha ndoa wenyewe, pasipo mchungaji, hakimu wala shahidi: mnachukua kibali kwa karani wa kaunti, mnafunga ndoa ndani ya siku 35, mnatia sahihi zenu na kukirudisha, na ndoa imekamilika.

Hapo kwenye shahidi ndipo nilipokwama. Kuumia kwetu ni jambo dogo, kwa sababu wazazi wameumizwa na mengi na bado wanapika chakula cha jioni. Ninalotaka kujua ni nani ataitwa siku mtakapogombana. Mnanijua, tangu mkiwa wadogo nimekuwa nikiwaambia kwamba ndoa inataka watu wa kuitwa usiku. Kwa sababu hiyo sisi huku tunachagua wasimamizi kwa uangalifu kuliko tunavyochagua gauni, na tunatafuta mume na mke waliokwisha kupita kwenye jua na mvua, ili wale vijana wakishindwa kusikilizana wawe na mlango wa kubisha.

Sikuandikii kukutisha kwa sheria, maana sheria iko upande wako. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 inadai taarifa ya siku 21 na mashahidi wasiopungua wawili kwa ndoa zinazofungwa hapa nchini, lakini ndoa iliyofungwa nje kwa kufuata taratibu za huko, kwa hiari ya wote wawili, na kila mmoja akiwa na sifa za kuoa au kuolewa kwa sheria ya kwao, inatambuliwa. Hata mahari yasipotolewa, sheria hiyo inasema ndoa ni halali. Baba yako mdogo atakuja na hoja ya mahari, nami nitamjibu.

Ninachokiwaza ni mama yako mdogo. Unajua kwamba alifunga ndoa bomani Arusha, lakini hukuwahi kusimuliwa siku waliyokuja nyumbani Marangu. Walishuka kwenye basi Jumamosi mchana, yeye amevaa gauni la rangi ya maziwa alilokuwa akivaa ofisini, na mume wake akiwa na bahasha mkononi. Babu yako alikuwa kihambani, kwenye shamba la migomba la nyumbani, akiwakatia ng'ombe majani. Hakupaza sauti. Aliuliza jambo moja tu: nani alisimama kwa niaba ya nyumba hii? Mama yako mdogo akajibu kwamba mashahidi walikuwa karani na dereva wa pale ofisini, watu wema, waliokubali kusaidia kwa sababu walikuwa karibu. Ndipo yule kijana akafungua gazeti alilokuwa amelikunja na kutoa jani la isale, ambalo kwetu Wachaga ni la kuomba msamaha, limekwisha kunyauka kwa joto la safari, akalishika kwa mikono miwili huku ameinama. Isale halikataliwi. Babu yako alilipokea, akaliweka juu ya jiwe la kunolea panga, akarudi migombani kukata majani, wakati ng'ombe walikwisha kushiba.

Mimi nilipewa ile bahasha. Nilisoma cheti kile nikiwa nimesimama mlangoni, nikayaona majina mawili nisiyoyajua mahali ambapo nilitazamia siku moja kuliona jina langu, kwa sababu mimi ni dada yake wa tumbo moja na hatukuwa na dada mwingine. Nililibeba jambo hilo bila kulisema. Miaka michache baadaye wakakosana vibaya juu ya fedha za kiwanja, naye akafika kwangu usiku na watoto wawili na mfuko mmoja wa nguo. Asubuhi nilipanda gari kwenda Arusha kuzungumza na mume wake. Alinikaribisha, akanipa chai, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwa upole kabisa: "Shemeji, jambo hili tulilianza wawili, na tutalimaliza wawili." Nilikunywa chai ile ikiwa imepoa, nikaaga. Leo nakuandikia, na bado maneno yale yananichoma kama niliyasikia jana.

Sasa utaniuliza walimalizaje, nami ni lazima niseme kweli: walimaliza wawili. Mume wake alimfuata mwenyewe wiki ile ile, wakazungumza nje chini ya mti wa parachichi hadi giza likaingia, mimi nikiwa ndani sisikii neno, kisha wakaondoka pamoja. Ndoa yao ipo hadi leo, na baadaye waliibariki kanisani bila makelele. Na unajua zipo ndoa katika ukoo wetu zilizotangazwa Jumapili tatu kanisani, zikaliwa ndafu, zikanywewa mbege, zikawa na wasimamizi wa kuheshimika, nazo hazikufika mwaka wa pili. Kaka yako bado analipa mkopo wa ukumbi. Nimekaa kwenye kamati nyingi, nimeona jinsi mjadala wa kadi ya mtu mmoja na kadi ya watu wawili unavyokula jioni nzima bila mtu kuuliza kama vijana wenyewe wanapatana. Unapoandika kwamba unataka siku ile isikie sauti za watu wawili tu, ninakuelewa zaidi ya unavyodhani.

Hata hivyo, ndoa inataka watu wa kuitwa usiku, na sijaona hoja ya kuniondoa hapo. Mama yako mdogo alikuwa umbali wa saa mbili kwa basi. Wewe ukiamka saa sita usiku huko, sisi huku tumekwisha kula kiamshakinywa na kwenda shambani. Kama ni mlima mnaoutaka, mrefu kuliko yote huko Colorado ni Elbert, mita 4,401, na huku kwetu Kilimanjaro, Mawenzi peke yake ana mita 5,149 kabla hatujamtaja Kibo. Mngeweza kuja na tukafanya jambo dogo kanisani Marangu, watu kumi tu. Lakini najua, na wewe unajua, kwamba tukialika kumi wataketi mia tatu, na shangazi zako watakuwa wamekwisha kushona sare.

Kwa hiyo sikuambii mwende wala msiende. Kauli iko mdomoni mwangu tangu nilipofungua barua yako, na ninaizuia kwa nguvu, kwa kuwa wewe ni mtu mzima na kijana wako nimempenda tangu siku ile alipokaa jikoni kumenya ndizi bila kuombwa. Ninachokuomba ni kwamba kabla ya kuchukua hicho kibali mnitajie mume na mke mmoja, wawe huko au huku, ambao mmekwenda kwao wote wawili mkawaomba wawe watu wenu, nao wakakubali wakijua wanachokikubali. Pili, mama wa mwenzako kule Songea aulizwe na mwanawe mwenyewe, asije akaziona picha kwenye simu ya jirani. Na baba yako umwandikie barua yake, usiniachie mimi nimfikishie, kwa kuwa yeye ndiye atakayekwenda kwa wazee wa ukoo, na ni afadhali awe na maneno yako mkononi. Mwandikie mapema, mwisho wa mwezi huu anakwenda Rombo kwenye msiba, na wazee wote watakuwa huko.

Mama yako