Re: Jumba la sayansi la kugusagusa lilianzaje?

Ndugu yangu wa Jinja, hilo jumba la San Francisco unaloulizia, ambako watoto wanashika kila kitu, ni Exploratorium. Lilifunguliwa 1969 na Frank Oppenheimer, mdogo wake yule Robert wa bomu la atomiki. Jamaa siasa zilimfungia milango ya vyuo vikuu akaenda kufuga ng'ombe Colorado, baadaye akawa mwalimu wa sekondari hukohuko mashambani, na kule aliwafundisha wanafunzi sayansi kwa kushika vitu wenyewe, sio kukariri ubaoni kama sisi tulivyokariri, wacha tu!

2013 walihamia Pier 15, bandarini. Mimi ningekimbilia Tactile Dome, yaani kuba la kupapasa, ipo tangu 1971, ndani giza totoro, unatambaa na kupapasa ukuta mpaka utokee upande wa pili. Halafu kuna vivuli vya rangi, taa nyekundu, kijani na buluu zinamulika pamoja ukutani panakuwa peupe, ukisimama mbele vivuli vyako vinatoka na rangi zao.

Kwetu hapa anza na Makumbusho ya Uganda pale Kitante, Kampala, yalianza 1908, watoto watapenda zile ala za muziki.