Jack Ketch: Jina la Mtu Lililogeuka Jina la Kazi

Juma lililopita kijana anayeanza kazi ya tafsiri aliniuliza afanyeje akikutana na jina la mtu katika maandishi ya kale ya Kiingereza. Swali lake liligusa donda langu, kwa kuwa miaka kadhaa iliyopita nilirudishiwa kazi nzima kwa sababu ya jina moja tu.

Maandishi yale yaliwahusu wafungwa wa London, katikati ya karne ya 18, waliokuwa wakimsubiri Jack Ketch, nami nikaandika kwamba "Bwana Jack Ketch aliwanyonga". Mhariri alilizungushia wino mwekundu na kuandika pembeni: "Marehemu huyu?" Ketch mwenyewe, mnyongaji wa zama za Mfalme Charles II, alikufa mwaka 1686. Maneno yale mawili yananiuma hadi leo.

Nilipochimba nikaelewa kwamba jina lake lilidumu kwa sababu ya ukatili wa mkono usio na ustadi. Mwaka 1683 alimkata kichwa Lord William Russell kwa mapigo kadhaa. Miaka miwili baadaye ikawa zamu ya Monmouth, mwana wa nje wa Charles II aliyemwasi baba yake mdogo, James II. Monmouth alimpa gini sita, yaani sarafu za dhahabu, na kumsihi asimtende kama Russell, kisha akaligusa shoka na kulalamika kwamba ni butu. Ketch alipiga, akapiga tena, akalitupa shoka chini, akalazimishwa kuliokota, na mwishowe akamalizia kwa kisu. Tangu hapo kila mnyongaji wa Uingereza akaitwa Jack Ketch, hata katika mchezo wa vikaragosi wa Punch, ambamo mnyongaji hulaghaiwa akatia shingo yake mwenyewe kitanzini.

Kwa hiyo, mwanangu, tafuta kwanza mwaka aliokufa mwenye jina. Usikubali pia asili ya neno kwa sababu tu inapendeza: wapo waliodai kwamba jina hili latokana na Jaquett, mmiliki wa ardhi ya Tyburn palipokuwa na mti wa kunyongea, ilhali Ketch alikuwapo, akaonekana na umati. Sisi wafasiri tumekabidhiwa amana, na uvivu wetu humpotosha msomaji asiye na njia ya kutusahihisha. Tafuta mwaka, kila mara.

Karatasi ile yenye wino mwekundu ningali nayo. Chini yake niliandika upya: "Walikuwa wakimsubiri mnyongaji."