Maswali ya Wasomaji: Vifaa vya usikivu vimelala kabatini

SWALI: Shule yetu ina kitengo cha wanafunzi viziwi. Miaka miwili iliyopita shirika la hisani kutoka Ulaya liliwapa watoto 30 vifaa vya usikivu. Leo wanaovivaa hawafiki watano. Sasa shirika jingine linataka kutuletea vipya. Tuwajibuje?
Mjumbe wa kamati ya shule, Tanga

JIBU: Washukuruni, kisha waulizeni betri, moldi (kile kipande kinachokaa ndani ya sikio) na fundi watatoka wapi. Wasipokuwa na jibu, vifaa vipya navyo vitaishia kabatini.

Anzeni na betri. Namba 13, yenye kibandiko cha rangi ya chungwa, mtoto akivaa kifaa kutwa nzima, ihesabuni wiki moja. Masikio mawili kwa wiki 40 za masomo ni betri 80 kwa mtoto, yaani 2,400 kwa watoto wenu 30. Vifaa vyenye nguvu zaidi hutumia namba 675, ya kibandiko cha buluu, ambayo hukaa kama wiki mbili. Hapo hesabu inashuka hadi 1,200. Ombeni ziletwe kwa awamu, kila muhula, na msome tarehe ya mwisho kabla ya kusaini mapokezi. Betri hizi huamshwa na hewa: ukibandua kibandiko zinaanza kwisha, na kukirudisha hakusaidii. Bandua, subiri dakika moja, ndipo uitie. Usiku kijumba cha betri kiachwe wazi.

Lakini mara nyingi tatizo kubwa ni moldi. Sikio la mtoto hukua, moldi haikui. Nafasi ikibaki, sauti huvuja, hurudi kwenye maikrofoni na kifaa hupiga mluzi. Mwalimu anapunguza sauti ili mluzi uishe, mtoto hasikii kitu, anakivua. Watu husema “kifaa kibovu”, kumbe kizima! Watoto wa awali wahitaji moldi mpya kila miezi 3 hadi 6, wa msingi angalau kila mwaka. Kwa hiyo shirika linalopima masikio siku moja na kupanda ndege halijawasaidia. Liwafundishie fundi wa karibu kuchukua umbo la sikio, na limwachie vifaa vya kazi hiyo. Sikio linalotoa usaha litibiwe kwanza.

Kila asubuhi mwalimu asimame mita moja nyuma ya mtoto na kutamka: a, i, u, m, s, sh. Mtoto anyooshe mkono kila asikiapo. Aliyesikia “s” jana na leo kimya, kagueni betri, kisha nta iliyoziba moldi.

SWALI: Wafadhili wa shule ya mwanangu wanasema akipata kifaa aache lugha ya alama. Ni sawa?
Mama, Dodoma

JIBU: Hapana, mama. Kifaa hukuza sauti, hakirudishi usikivu. Mtoto mwenye uziwi mkubwa aweza kusikia honi ya lori na bado asitofautishe “pata” na “bata”. Akitazama midomo, “baba”, “papa” na “mama” zinafanana kabisa. Avae kifaa kama kinamfaa, na alama aendelee nazo. Wafadhili waombeni walipie madarasa ya Lugha ya Alama kwa wazazi, yafundishwe na viziwi wenyewe; walimu waulizieni Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA.